Kuchagua siku ya kuvuka Tanga–Wete kwa utabiri wa siku 10

Wanaopanga safari ya chombo cha mizigo kwenda Pemba hutazama kimo cha wimbi, na wengi huishia hapo. Kimo peke yake hakitoshi. Namba unayopewa ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa zaidi. Ikiandikwa mita 1.5, tegemea wimbi mojamoja la karibu mita 3.

Siku 10 kabla, tafuta dalili tu: kusi, upepo wa kusini, inapanda au inalegea? Usimwahidi mwenye mzigo saa. Zikibaki siku 5, linganisha utabiri wa leo na wa jana kwa siku ileile ya safari. Utabiri ukirukaruka, jana upepo wa noti 12 (maili za baharini kwa saa) leo 20, weka siku ya akiba. Saa za chati nyingi ni za UTC, saa za kimataifa, hivyo ongeza 3: 03 ya kwenye chati ni saa 12 asubuhi kwetu.

Kisha soma kipindi, yaani sekunde kati ya kilele na kilele. Kizidishe kwa chenyewe, halafu kwa 1.56, upate urefu wa wimbi kwa mita. Sekunde 8 ni mita 100. Sekunde 4 ni mita 25 tu. Wimbi la mita 1.2 lenye urefu huo husimama wima: omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, inapiga, maji yanapanda sitahani, kamba za shehena zinalegea. Mkondo wa mlango wa Pemba, bahari iliyo kati ya bara na kisiwa, huelekea kaskazini. Kusi huenda nao, wimbi likarefuka. Kaskazi, upepo wa kaskazini, huupinga, wimbi likafupika. Ndiyo maana mita 1.2 za Januari zaweza kukusumbua kuliko 1.5 za Julai.

Wete, bandari ya Pemba, iko mashariki ya Tanga, takriban maili 38 za baharini. Kwa mwendo wa noti 7 na mkondo wa noti 2, shika nyuzi 107 za ramani badala ya 90. Utabaki na noti 6.7, kama saa 5 na dakika 40. Usiposahihisha, utasukumwa maili 11 kaskazini, hadi jirani na Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba.

Utabiri wa dunia hugawa bahari kwa miraba, mara nyingi ya kilomita 25 hivi kila upande, na upana wa mlango wenyewe ni kama 50: mafungu ya Ulenge, karibu na Tanga, hayaonekani humo. Kwa hiyo usiku wa kuamkia safari soma taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ikitaja upepo wa kilomita 40 kwa saa au mawimbi ya mita 2, baki gatini. Kukiwa shwari, ng'oa nanga saa 1 asubuhi, ufike kwenye miamba ya Wete jua likiwa limeshapita utosi, nyuma yako, na maji yanasomeka.