Wosia Usiopanguliwa: Namna ya Kupanga Mali na Nyaraka Ukiwa Hai (Tanzania)

Wosia unapopingwa mahakamani, hoja huwa mara nyingi ni mashahidi na majina, mambo ambayo mwenyewe angeyanyoosha akiwa hai. Kwa hiyo anza na makaratasi, ndipo ushike kalamu.

Chukua daftari na uorodheshe kila mali: ni nini na iko wapi, namba yake (ya hati, akaunti au gari), jina lililoandikwa kwenye karatasi, na karatasi yenyewe imewekwa wapi. Weka humo pia madeni, unayodai na unayodaiwa, pamoja na hisa na akiba za kikoba. Namba za siri za benki na simu usiziandike. Msimamizi wa mirathi akishateuliwa, benki na kampuni za simu hushughulika naye kwa barua ya mahakama. Ndugu anayetoa pesa kwa namba ya siri ya marehemu anajitafutia kesi.

Sasa linganisha majina. Kitambulisho cha NIDA kikisema Asha Juma Salum, na mkataba wa mauziano ya kiwanja ukisema Asha J. Mbonde, warithi watatakiwa kuthibitisha kwamba ni mtu mmoja, na wewe hutakuwepo kusema. Nenda kwa wakili uape hati ya kiapo inayotaja majina yote mawili, kisha ubane nakala kwenye kila karatasi yenye jina tofauti. Kiwanja kisicho na hati miliki mara nyingi kinasimama kwa mkataba wa mauziano, kwa hiyo hakikisha una nakala halisi yenye saini za muuzaji na mashahidi. Cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vikae hapohapo.

Baada ya hapo, wosia. Utaje jina lako kamili, tarehe na mahali, kwamba una akili timamu na hukushurutishwa, nani anapata nini, na msimamizi umtakaye pamoja na wa akiba. Kwa kanuni za sheria ya kimila za 1963, wosia huandikwa kwa wino au kupigwa chapa. Wa kalamu ya risasi haufai. Anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua 2, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua anahitaji 4, wawili wa ukoo na wawili baki, naye huweka dole gumba. Wosia wa mdomo nao unataka 4 kwa mgawanyo huohuo, na hauwezi kufuta ulioandikwa.

Mashahidi wote wakae chumba kimoja wakati mmoja na kusaini mbele yako. Kuzungusha karatasi nyumba kwa nyumba ndiko kunakozaa maswali ambayo hakimu atayauliza. Na atakayepata kitu katika wosia asiwe shahidi, hata akiwa mwanao unayemwamini kuliko wote.

Ukitaka kumnyima mrithi chini ya sheria ya kimila, taja sababu waziwazi. Zinazokubalika ni chache: kuzini na mke wa mwenye wosia, kujaribu kumuua au kumdhuru vibaya mwenye wosia au mama wa mrithi huyo, au kumtelekeza mwenye wosia bila sababu wakati wa njaa au ugonjwa. Hasira peke yake haitoshi.

Kwa Waislamu hesabu ni nyingine. Kwanza hutoka gharama za mazishi, kisha madeni, ndipo wosia, nao usizidi theluthi moja ya kilichobaki. Mrithi wa kisheria hausiwi zaidi ya fungu lake isipokuwa warithi wengine wakiridhia. Mke hupata 1/8 marehemu akiacha mtoto, 1/4 asipoacha. Theluthi hiyo basi itumie kwa wasiorithi: mtoto wa kulea, mtoto wa nje ya ndoa, au mjukuu aliyefiwa na baba huku ami zake wapo. Tunasisitiza hili kwa sababu hao ndio wanaotolewa nyumbani matanga yakishakwisha.

Mafao ya mfuko wa hifadhi ya jamii hulipwa wategemezi kwa kanuni za mfuko wenyewe, hata wosia useme vingine. Hakiki majina ya wenza na watoto kwenye ofisi ya mfuko wako. Kama una mkopo, muulize afisa mikopo kama una bima ya kifo, na uhifadhi karatasi yake.

Wosia unaweza kuuhifadhi RITA (wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini), kwa wakili au benki. Ukiuficha sandukuni, mtu wa kwanza kuuona huenda ndiye ambaye hakutajwa. Mwambie msimamizi ulipo. Yaliyomo si lazima ayajue. Mwambie pia kifo kisajiliwe ndani ya siku 30, maana mahakama huanza na cheti cha kifo.

Andika upya ukioa au kuolewa, ukiachana, ukipata mtoto, ukiuza au kununua ardhi, au msimamizi akitangulia. Kwenye wosia mpya sema kwamba unafuta wote wa nyuma, weka tarehe, na uurudishe ule wa zamani mkononi uuchane.