Maana za neno "fine" na chimbuko lake

Anayesoma barua au mkataba wa Kiingereza hapa Nairobi afadhali aangalie nafasi ya neno "fine" katika sentensi kabla ya kuamua maana yake. Likiwa nomino, kwa kawaida ni faini, kama ile inayotozwa na mahakama. Likiwa kivumishi, laweza kumaanisha zuri, safi, jembamba au dogo sana.

Maana hizo, ingawa zinaonekana kupingana, zina mzizi mmoja, yaani neno la Kilatini "finis", lenye maana ya mwisho, ambalo liliingia Kiingereza kupitia Kifaransa cha kale. Kitu kilichofikia upeo wa ubora wake kilisifiwa kwa neno hilo, na ndiyo sababu dhahabu isiyo na mchanganyiko huitwa hivyo hadi leo. Faini nayo ilikuwa malipo ya kumaliza mgogoro, jambo ambalo wazee wetu wa baraza wangelielewa bila mkalimani. Hata neno "finance", yaani masuala ya fedha, lilianza kwa maana ya kumaliza deni.

Katika mkataba wa mkopo, "fine print" ni yale maandishi madogo ambamo, kwa bahati mbaya, adhabu za kuchelewa kulipa hupenda kujificha. Yasome kabla ya kutia sahihi. Tena, ukikaribishwa chai ukajibu "I'm fine", mwenyeji ataelewa kwamba umekataa kwa adabu, kwa hiyo anayeitaka chai aseme "yes, please".