Jubilei ya Parokia: Anzeni Jumuiyani, Turubai Zitafuata

Parokia ikikaribia miaka 25, 50 au 75, kikao cha kwanza cha Halmashauri ya Walei (waamini wasio mapadre wala watawa) huishia kwenye kugawana kamati: nani chakula, nani mapambo, nani itifaki. Hilo lisubiri. Kikao cha kwanza kijibu swali moja: ni miaka hamsini ya nini? Parokia moja inaweza kuwa na tarehe nne zinazogombana: siku padre wa kwanza alipofika, ubatizo wa kwanza, hati ya Askofu ya kuitangaza parokia, na siku kanisa lilipotabarukiwa, yaani kuwekwa wakfu. Jubilei ya parokia ihesabiwe kuanzia hati ya kuitangaza. Kutabarukiwa kwa kanisa kuna sherehe yake ya kila mwaka ndani ya kanisa hilohilo. Mkizichanganya, mabango yatachapwa mwaka mmoja na kijitabu kitasema mwingine, na mzee atasimama mbele ya Askofu kusahihisha.

Anzeni kutafuta kwenye madaftari ya ubatizo, ndoa na wafu yaliyo ofisini kwa paroko. Ya zamani yameandikwa kwa Kilatini, na barua nyingi za wamisionari wa Shirika la Mateso waliokuja Dodoma kutoka Italia ni za Kiitaliano, kwa hiyo tafuteni mapema padre au sista anayezisoma. Kumbukeni pia kwamba mipaka imehama. Dodoma ilipewa mamlaka yake ya kikanisa mwaka 1935, ikawa jimbo mwaka 1953 na jimbo kuu mwaka 2014. Jimbo la Kondoa lilizaliwa mwaka 2011 kutoka Dodoma, hivyo parokia ya Kondoa yenye umri wa miaka 50 isishangae nyaraka zake zikipatikana Dodoma.

Madaftari hayataji kila mtu. Vigango vingi vya Ugogo, yaani makanisa madogo yaliyo chini ya parokia, vilianzishwa na makatekista miaka mingi kabla padre hajalala hapo hata usiku mmoja. Watumeni vijana wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, wawili wawili wakawarekodi wazee kwa simu, kila kigango wazee watatu, na maswali yaleyale: nani alifundisha katekesimu, sala zilisaliwa chini ya mti gani, matofali yalifyatuliwa na nani, maji yalitoka wapi. Majina yasomwe jumuiyani, kwenye vikundi vya familia jirani zinazosali pamoja, kabla ya kuchapwa. Jina la katekista likirukwa, ukoo wake mzima utalibeba neno hilo miaka kumi.

Tarehe ya adhimisho ni suala jingine. Dominika za Majilio, Kwaresima na Pasaka ziacheni, hazipishi sherehe ya parokia. Katika Dominika za Kipindi cha Kawaida, sherehe ya somo (mtakatifu msimamizi) wa kanisa au ya kutabaruku inaweza kuhamishiwa hapo kwa manufaa ya waamini. Misa ya shukrani yenye sala zake ikiwekwa Dominika inahitaji ruhusa ya Askofu. Kwa Dodoma, Julai hadi Septemba ndiyo miezi inayofaa: mvua zimekwisha, uwele na mtama viko ghalani, alizeti inauzika, na wenye mashamba ya zabibu wanavuna kuanzia Agosti. Mkiweka Januari, mtaomba mchango kwa mtu anayenunua debe la mahindi. Barua ya kumwalika Askofu itoke mwaka mzima kabla, maana kalenda yake hujaa. Katika barua hiyohiyo mwombeni apeleke ombi la rehema kamili (ondoleo la adhabu za dhambi) kwa mwaka wa jubilei, kwa kuwa ombi hilo hupitia kwake. Likikubaliwa, waelezeni watu masharti mapema: kitubio, Komunyo, sala kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo usioshikamana na dhambi yoyote.

Sasa jumuiya. Jubilei nyingi hupwaya kwa sababu Jumuiya Ndogo Ndogo hukumbukwa siku ya kudai mchango. Zipeni kazi kabla ya fedha. Mwaka mzima, kila mwezi uwe na tendo moja linaloanzia jumuiyani: kuwatembelea wagonjwa na kuwapelekea Ekaristi, kuandikisha ndoa zisizobarikiwa, kuwatafuta waliolegea, kupanda miti. Ndoa zianze mwezi wa kwanza, maana zinadai mafundisho, matangazo na mara nyingi mazungumzo marefu ya mahari. Mti wa Dodoma unaopandwa Agosti kwa ajili ya picha hufa Septemba, kwa hiyo chimbeni mashimo Novemba, pandeni mvua ikishika, na kila mti uwe na familia yake ya kumwagilia.

Ndipo fedha. Msigawe bajeti kwa idadi ya jumuiya, kwani moja ina familia 12 na nyingine 40. Gawanyeni kwa familia zinazosali, na kila jumuiya ijipangie nani atoe fedha, nani kuku, nani debe la karanga. Malipo ya simu yaende kwenye namba ya parokia, kamwe si ya mhazini, hata awe mtakatifu. Kila kinachoingia kipate stakabadhi, pamoja na mbuzi. Ahadi si fedha: pangeni matumizi kwa theluthi mbili ya zilizoahidiwa, na kinachozidi kiende kwenye kumbukumbu ya kudumu kama kisima au paa la kigango. Vitenge vya sare viagizwe miezi minne kabla, mtu mmoja mwenye jicho kali akiwa amekagua tahajia ya jina la somo na mwaka. Msivikopeshe. Deni la kitenge humzuia mama kuja kanisani kuliko mvua.

Wiki ya mwisho ni ya novena, kila kanda (jumuiya kadhaa zilizo jirani) na siku yake. Kama kuna Kipaimara, ombeni kifanyike Jumamosi. Watoto mia na zaidi wakipakwa krisma ndani ya Misa ya jubilei, mtatoka saa nane mchana watu wamezimia. Watu wa vigango vya mbali wafike Jumamosi kwa basi la kukodi, si juu ya mizigo ya lori, na wapangiwe familia za kuwapokea. Usiku wa Julai Dodoma una baridi, kwa hiyo waambiwe waje na mablanketi. Maandamano yakipita barabarani, taarifa ya maandishi iwafikie polisi na serikali ya mtaa mapema.

Misa ianze saa 3 asubuhi kwa sababu ya upepo unaozidi jua likipanda. Turubai zisitegemee vigingi peke yake: ardhi ngumu haivishiki, ya kichanga inaviachia. Kila mguu uwekewe kiroba cha mchanga cha kilo 50. Altareni tumieni siborio (vyombo vya hostia) zenye mifuniko, na vitambaa vyepesi viwe na uzito pembeni. Kwa wakomunikaji 1,200 wekeni watoaji wanane. Kila mmoja atahudumia watu 150, na kwa watu kumi kwa dakika watamaliza kwa robo saa. Matoleo yaende kwa kanda. Jumuiya arobaini zikija moja moja na ngoma yake, saa nzima imekwenda. Ngoma za muheme za akina mama wa Kigogo zinafaa sana hapo, mradi paroko amesikia mazoezi. Mbuzi waishie kwenye kamba pembeni, kwa katibu mwenye daftari. Kwaya zigawiwe sehemu mwezi mmoja kabla, na ugawaji ufanywe na paroko mwenyewe, maana wenyeviti wa kwaya hawamalizi jambo hilo. Risala iwe kurasa mbili, na wanasiasa waseme baada ya baraka ya mwisho.

Chakula ndicho kinachokumbukwa. Kwa watu 800 wanaokula pilau, wekeni mchele kilo 100 (kilo moja watu wanane), nyama yenye mifupa kilo 90 hadi 100, vitunguu maji kilo 35, mafuta lita 20, viazi kilo 50. Ng'ombe mmoja wa kienyeji aliyenona hutosha, na mnadani Msalato mpelekeni mfugaji achague kwa macho yake. Achinjwe Jumamosi jioni na mkaguzi wa nyama awepo. Akichinjwa Ijumaa bila jokofu, harufu itawaumbua. Sufuria tano za kilo 20, kila moja na mpishi wake asiyepokea amri za kamati, zianze kuwaka saa 10 alfajiri kwa zamu ili ya mwisho iive saa 5. Wazee wapikiwe ugali wa uwele na mlenda, wengi wataacha pilau. Vituo vya kugawia viwe vinane, kila kanda na chake, na akina mama wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, wasimamie vijiko, kwa kuwa kijana akishika kijiko rafiki zake hula mara tatu. UWAKA, umoja wa wanaume Wakatoliki, washike maji: tangi la lita 5,000 lijazwe tangu Alhamisi, maana Jumamosi bomba linaweza kukauka na boza lisipatikane.

Mnada wa vipaji, yaani vitu vilivyotolewa kwenye matoleo, ufanyike baada ya kula. Dominika ya pili baada ya sherehe mhazini asome hesabu zote kanisani, nakala ibandikwe mlangoni, na jumuiya zilizoazimisha sufuria, mikeka na viti zitiwe tiki moja moja hadi vyote virudi.