Kuunda dau kwa ubavu mmoja: kioo na ulainishaji ndani ya Blender

Dau linafaa sana kujifunzia kwa sababu limechongoka kote kuwili, omo (mbele) na tezi (nyuma), na ubavu wa kulia ni sawa na wa kushoto. Unaunda mmoja, wa pili Blender, programu ya kuunda maumbo ya 3D kwenye kompyuta, inaujaza. Kwanza nenda Nungwi, Unguja, maji yakipwa, simama mbele ya dau lililokaa mchangani, upige picha ukiwa umelingana na hanamu, ule mti wa mbele unaopasua maji. Picha ya mshazari itakudanganya upana.

Chukua lile boksi la mwanzo ambalo Blender hufunguka nalo, bonyeza Tab (hali ya kuhariri) kabla ya kugusa vipimo, kisha S (kubadili ukubwa) X 0.9, S Y 3, S Z 0.45. Unapata mita 6 kwa 1.8 kwa 0.9. Ukipima nje ya Tab, malizia kwa Ctrl+A, Scale, ili skeli irudi 1, la sivyo unene utakaoongeza baadaye hautakuwa sawa pande zote.

Kata katikati kwa urefu kwa Ctrl+R, na ubonyeze kitufe cha kulia cha mausi ili mkato usiteleze. Futa nukta za kushoto, kisha uso wa juu na nyuso za ncha mbili. Usiache uso wowote umesimama katikati: hauonekani, lakini ukilainisha unavuta mshono na kutia mfereji kwenye mkuku, yaani uti wa chini wa chombo. Hili ndilo kosa linalosumbua kuliko yote.

Ongeza modifaya (kifaa kinachobadili umbo bila kuligusa lenyewe) ya Mirror, yaani kioo, kwenye X, washa Clipping ili nukta zisivuke katikati, ukate mara 4 kwa upana. Chagua nukta za nje kwenye ncha zote mbili, bonyeza N (paneli ya vipimo), andika 0 kwenye X. Zile za chini ziunganishe na mkuku kwa M, By Distance. Nukta za chini za nje zilizobaki zisogeze ndani hadi sentimita 50 kutoka katikati, uzipandishe sentimita 20. Hapo tumbo la dau linaanza kuonekana.

Mpangilio wa modifaya ni huu: Mirror, Solidify (unene) ya sentimita 3, mwisho Subdivision Surface (kulainisha). Ukitanguliza Solidify, kila nusu inajengewa ukuta wake katikati. Ukitanguliza kulainisha, kila nusu inalainishwa peke yake na mshono hauwi laini. Kiwango 2 kinatosha. Kila kiwango kinazidisha nyuso mara 4, na laptopu ndogo italemewa bure.

Sasa angalia omo: imerudi nyuma na kuwa butu. Ulainishaji huvuta kila nukta kuelekea jirani zake, kwa hiyo pima baada ya kulainisha. Ili ncha isirudi sana, kata Ctrl+R sentimita 10 kutoka kila ncha. Mkuku nao utakuwa mviringo kama bakuli; chagua kingo zake, Shift+E (kukaza ukali wa kingo), andika 0.8. Ukiandika 1 unakuwa mkali kama bati, na mbao haziko hivyo.

Ukiona ufa katikati, chagua nukta za mshono, S X 0 zilingane, kisha N na X iwe 0. Ufa ukibaki, kiini cha dau (Origin) kimehama, kirudishe katikati.

Mlingoti, foromali (mti unaobeba tanga) na tanga viunde mbali, bila kioo, maana tanga huegemea upande. Na jina la chombo liandike kwenye kipande chake cha pekee kila ubavu: likipita kwenye kioo, upande mmoja litasomeka kinyume.