Kabla ya Kumwandalia Mwanafunzi wa Vietnam Mazoezi ya Kiingereza

Mwalimu aliyezoea kusahihisha Kiingereza cha watoto wa Dodoma au Eldoret, akipewa kundi la wanafunzi wa darasa la 12 walioko Hanoi au Da Nang, kishawishi chake cha kwanza ni kufungua mazoezi yake ya zamani na kuyatuma yalivyo. Nakusihi usifanye hivyo. Mazoezi hayo yanaweza kuwa mazuri sana, lakini yalitungwa kuziba mapengo ya watu wengine. Mtoto wa Vietnam hukosea Kiingereza kwa sababu zake mwenyewe, na hukalia mtihani wenye sura yake. Mambo hayo mawili ndiyo ya kuyajua kabla hujatunga hata swali moja, na mengine yote niliyoyaweka hapa chini yanatokana nayo.

Anza na mtihani, kwa kuwa ndio unaomkosesha mtoto usingizi. Sekondari ya juu nchini Vietnam ni miaka mitatu, darasa la 10 hadi la 12, na mwishoni kuna mtihani wa taifa wa kuhitimu unaofanyika mwezi Juni. Hadi mwaka 2024 lugha ya kigeni ilikuwa somo la lazima, na karatasi ya Kiingereza ilikuwa na maswali 50 ya kuchagua jibu kwa dakika 60. Mwaka 2025 mambo yakabadilika, mtaala mpya wa mwaka 2018 ulipofika kwa watahiniwa. Sasa Hisabati na Fasihi ndiyo masomo ya lazima, na mwanafunzi anaongeza mengine mawili anayoyataka, Kiingereza kikiwa mojawapo ya yale ya kuchagua. Karatasi ina maswali 40 kwa dakika 50. Kila swali lina alama 0.25, jumla 10.

Zaidi ya idadi ya maswali, kilichobadilika hasa ni aina yake. Yale ya kutafuta neno linalotamkwa tofauti na wenzake, ya kuonyesha shadda inaangukia wapi, na ya kuchomoa kosa katika sentensi iliyosimama peke yake, yameondolewa. Mahali pake yapo matangazo na vipeperushi vyenye nafasi za kujaza, sentensi zilizovurugwa ambazo mtahiniwa anazipanga ziwe barua au mazungumzo yanayoeleweka, kifungu kinachotaka vishazi vizima virudishwe mahali pake, kisha makala mbili ndefu za kusoma. Sarufi ingali inapimwa, ila imezamishwa ndani ya maandishi. Kwa hiyo ukipakua mazoezi popote, tazama kwanza yaliandikwa lini. Mtandaoni kumejaa karatasi za mtindo wa zamani, na mwanafunzi anaweza kumaliza mwezi mzima akifanya bidii juu ya maswali ambayo hatayakuta.

Muulize pia anakitaka Kiingereza kwa ajili gani. Vyuo vikuu vya Vietnam hupokea wanafunzi kwa michepuo ya masomo matatu, na miwili inayohusu Kiingereza zaidi ni A01, yaani Hisabati, Fizikia na Kiingereza, na D01, yaani Hisabati, Fasihi na Kiingereza. Mtoto wa A01 mara nyingi hufikiri kwa kanuni na hupenda jedwali. Wa D01 anaweza kusoma kifungu kirefu bila kuchoka. Hilo ni jambo nililoliona kwa wanafunzi wangu, si sheria, lakini linasaidia kuamua zoezi la wiki ya kwanza liwe la namna gani. Na kama ana cheti kinachokubalika cha IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, husamehewa lugha ya kigeni katika mtihani wa kuhitimu, kwa hiyo huenda anachohitaji kwako ni kitu kingine kabisa.

Sasa tuje kwenye lugha yake, na hapa naomba tukae kidogo.

Kitenzi cha Kivietnam hakibadiliki. Hakina kiambishi cha nafsi, wala cha wakati, wala cha idadi. Wakati huonyeshwa na maneno madogo yanayokaa mbele ya kitenzi, “đã” kwa yaliyopita, “đang” kwa yanayoendelea, “sẽ” kwa yajayo, na hata hayo huachwa ikiwa neno kama “jana” limeshatajwa. Sisi tunaosema “nilikwenda”, “tutakwenda”, “hawajaenda”, tumekulia katika lugha ambayo kitenzi hubeba karibu kila kitu. Mwanafunzi wetu akiandika “Yesterday I go” tunajua anakosea umbo, kwa kuwa wazo la kuubadilisha mwili wa kitenzi analo tangu utotoni. Mvietnam akiandika hivyo hivyo, kwake sentensi imekamilika: “yesterday” imeshasema ni lini, kurudia habari hiyo kwenye kitenzi kunafaa nini? Ukimwelewa hapo utaacha kumwandikia “kumbuka wakati uliopita!” kwa wino mwekundu, utamtungia mazoezi yanayomlazimisha kutazama kitenzi chenyewe.

Shule zimejaribu kumsaidia kwa njia ya dalili. Wanafunzi hukariri orodha ndefu: ukiona “since” au “for”, andika “have” na kitenzi cha hali timilifu, ukiona “ago”, andika wakati uliopita, ukiona “now”, weka “-ing”. Orodha hizi zilikuwa na tija sentensi zilipokuwa moja moja. Ndani ya kifungu zinamwangusha. Mwekee sentensi mbili, “She has lived in Hue for ten years” na “She lived in Hue for ten years before she moved to Saigon”, umuulize ni yupi bado yuko Hue. Zote zina “for ten years”. Mtoto hodari wa orodha ataduwaa, na kuduwaa huko ndiko mwanzo wa somo. Andaa mazoezi ya namna hii kwa wingi kabla hujaonana na kundi, maana si rahisi kuyatunga papo hapo: vifungu vifupi ambavyo dalili zimeondolewa, au zipo lakini hazitoshi kuamua.

Kisha kuna ile “-s”. Silabi ya Kivietnam inaweza kuishia kwa konsonanti chache tu, zile zinazoandikwa m, n, ng, nh, p, t, c na ch, na p, t na c za mwisho hufungwa mdomoni bila kuachiwa. “S” haimo. Ndiyo maana “books” huwa “book”, na “he works” huwa “he work”, kwanza mdomoni na halafu kwenye daftari. Mwalimu mwenye masikio ya Kiswahili asipojiandaa atadanganyika hapa. Wanafunzi wetu wakikutana na konsonanti mwishoni huongeza irabu, “booki”, “worki”, kwa hiyo konsonanti inasikika hata kama imekaa vibaya. Wa Vietnam huidondosha kabisa. Hivyo, ingawa mtihani haupimi matamshi tena, fanya mazoezi ya kusoma kwa sauti kabla ya yale ya kuandika. Mkono huandika kile ulimi ulichozoea.

Katika sehemu nyingine lugha zetu mbili zinasogeleana, na huko utafundisha kwa huruma zaidi. Kivietnam husema “mặc dù… nhưng”, kama sisi tunavyosema “ingawa… lakini”, na matokeo ni “Although it rained, but we went.” Husema “vì… nên”, ikazaliwa “Because I was tired, so I slept.” Kivumishi hufuata nomino, kama kwetu. Kuwapo kwa kitu husemwa kwa “có”, kitenzi kile kile cha kumiliki, ndipo unapokuta “In my village have a river”. Nasi tunasema “kijijini kwetu kuna mto”, na ndani ya “kuna” hiyo imo ile “-na” ya “nina” na “ana”. Na kama ilivyo kwetu, hakuna kinacholingana sawasawa na “the”. Hapo huna cha kujidai. Soma upya kanuni za “a”, “an” na “the” wewe mwenyewe kabla ya kuzifundisha, kwa sababu wengi wetu tunazitumia kwa mazoea na kuulizwa “kwa nini?” kunatubana.

Jambo moja tunatofautiana, nalo ni “là”, neno lao linalolingana na “ni”. Hutumika mbele ya nomino, si mbele ya kivumishi. “Yeye ni mwalimu” wana “là”, “yeye amechoka” au “yeye ni mrembo” hawana. Kwa hiyo “She teacher” utaiona mara chache kuliko “She very beautiful”. Ukipanga zoezi la “is” na “are”, weka uzito kwenye vivumishi. Kauli ya kutendwa nayo ina mtego: Kivietnam hutenganisha “bị”, kwa jambo baya lililompata mtu, na “được”, kwa jema. Mwanafunzi huanza kutafuta ubaya au uzuri katika “was built”, ambako hakuna chochote cha namna hiyo.

Kwenye msamiati, angalia hili kwanza. Mswahili hujikuta na mtaji bila kujua: benki, baiskeli, kompyuta, redio, tiketi. Mvietnam ana maneno kadhaa aliyoyapata kwa Wafaransa, kama “cà phê” na “xà phòng”, lakini vitu vingi amevipa majina kwa kuunganisha maneno aliyonayo. Ndege ni “máy bay”, mashine inayoruka. Kompyuta ni “máy tính”, mashine ya kuhesabu. Hawezi kubahatisha neno la Kiingereza kwa kulisikiliza. Anachokiweza vizuri ni kuona vipande vinavyounda neno, na hapo ndipo pa kumshika. Msamiati mpe kwa ukoo: “conserve, conservation, conservationist, conservative”, kila mmoja ndani ya sentensi yake, akiambiwa ni nomino au kivumishi. Kuchagua umbo sahihi la neno ndani ya tangazo ni kitu anachokutana nacho kwenye mtihani. Orodha za maneno mia yaliyotafsiriwa pembeni waachie wanaoziuza.

Mada zenyewe si siri. Mtaala huzungukia maisha ya kijani, ukuaji wa miji, akili mnemba, ulimwengu wa kazi, usawa wa kijinsia, urithi wa utamaduni, uhifadhi wa wanyamapori, jumuiya ya ASEAN ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia. Vifungu vyako vitokane na hizo, na uviweke nyumbani kwao: tangazo la kujitolea kusafisha fukwe karibu na Ghuba ya Ha Long, kipeperushi cha mji mkongwe wa Hoi An, makala kuhusu hifadhi ya Cuc Phuong, ya kwanza nchini humo, iliyoanzishwa mwaka 1962. Simba wa Serengeti atapendeza siku moja moja, na watoto watamfurahia, lakini mtoto anayehangaika na kishazi asiongezewe mzigo wa kuhangaika na mahali asipopajua. Ukiweka takwimu, kumbuka kwamba Vietnam nukta hutenganisha maelfu na mkato hutenganisha desimali, kinyume cha Kiingereza. 1.500 kwao ni elfu moja na mia tano. Kabla ya makala yoyote yenye namba, lisemeni hilo waziwazi.

Kuna na maandalizi ya utu. Jina la ukoo hutangulia na la mtu mwenyewe huja mwisho, na ukoo wa Nguyễn una watu wengi mno. Ukiita “Nguyễn” darasani hujamwita mtu. Mwalimu wa kiume kwao ni “thầy”, wa kike ni “cô”, na mwanafunzi hujitaja “em”, mdogo wako. Ndiyo maana watakuita “Teacher” tupu, kama watoto wetu wanavyosema “Mwalimu”. Ni heshima, ipokee. Heshima hiyo hiyo huwafanya wengine wasiulize mbele ya wenzao, kwa hiyo fungua mapema kundi la Zalo, programu yao ya kutumiana ujumbe, na uwaruhusu waulize faraghani usiku.

Saa zao ziko mbele ya zetu kwa nne: saa moja usiku ya Hanoi ni saa tisa alasiri ya Dar es Salaam na Nairobi. Mwaka wa shule hufunguliwa rasmi tarehe 5 Septemba na kumalizika mwishoni mwa Mei, wakati miti ya phượng, ndiyo mikrismasi yetu, inapowaka nyekundu na wanafunzi kujua kwamba mtihani umefika. Katikati kuna Tết, mwaka mpya wao, kati ya mwishoni mwa Januari na katikati ya Februari. Usipange jaribio wiki hiyo wala ile inayofuata. Na kama umeajiriwa katika shule ya huko, soma waraka namba 29 wa Wizara ya Elimu na Mafunzo, ulioanza kutumika tarehe 14 Februari 2025: humzuia mwalimu kuwatoza ada ya tuisheni nje ya shule wanafunzi anaowafundisha shuleni.

La mwisho lifanye leo, kabla ya kutunga chochote. Tafuta karatasi ya Kiingereza ya mwaka 2025, weka saa dakika 50, uifanye peke yako kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni sekunde 75 kwa kila swali, kusoma makala kukiwa ndani yake. Ukimaliza, andika kando ya kila jibu sababu yake kwa sentensi moja ambayo mtoto wa miaka 17 ataielewa. Utakuta majibu ambayo ulipatia bila kuweza kueleza kwa nini. Yakusanye ukurasa mmoja, kwa kuwa kipindi cha kwanza kitaulizia hayo hayo.