Jinsi ya kuomba kigari cha mtoto mwenye mahitaji maalumu kitambuliwe kama kiti cha magurudumu safarini Walt Disney World

Mtoto wa miaka tisa ambaye shingo na kiuno chake vinahitaji kushikiliwa muda wote hawezi kutolewa kwenye kigari chake na kupakatwa kama mtoto mchanga. Sisi wazazi tunalijua hilo. Dereva wa basi halijui. Anachoona yeye ni magurudumu manne, kitambaa cha rangi na kivuli cha juu, basi anakuambia anachowaambia wazazi wote: mtoe mtoto, kikunje.

Mimi niliambiwa hivyo kwenye basi dogo la hoteli moja, na kwa kuwa sikujua la kujibu, nilitii. Nilimpakata mwanangu dakika arobaini, mkono mmoja kifuani pake na mwingine nyuma ya kichwa, na kila dereva alipokanyaga breki nilihisi shingo yake ikiponyoka kiganjani mwangu. Nimeandika mwongozo huu ili mzazi mwingine asifike hapo. Maombi yenyewe si magumu, ila hakuna ofisi moja inayokumalizia yote. Unaomba mara tatu: kwa shirika la ndege, kwa mwenye basi au gari linalokutoa uwanja wa ndege, na kwa bustani ya burudani yenyewe, yaani Walt Disney World iliyo karibu na Orlando, Florida. Lebo ya kiti cha magurudumu unayofungiwa kwenye kigari na mmoja haimfungi mwingine.

Neno la kutumia

Kila utakapojieleza, kwa simu au ana kwa ana, anza na neno "wheelchair", yaani kiti cha magurudumu. Usianze na "stroller", yaani kigari cha mtoto, hata kama dukani ndivyo kilivyoitwa. Ukitaja la pili, anayekusikiliza tayari ameshakuweka kwenye foleni ya vigari vya kukunjwa, na kumtoa huko ni kazi.

Kusema hivyo si ujanja. Kanuni za Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, zinazotekeleza Sheria ya Wamarekani wenye Ulemavu ya mwaka 1990, zinaeleza kiti cha magurudumu kuwa kifaa chenye magurudumu matatu au zaidi, kinachoweza kutumika ndani ya jengo, kilichobuniwa au kurekebishwa kwa ajili ya watu wenye shida ya kutembea na kutumiwa nao, kiwe cha kusukumwa au cha umeme. Hazisemi kifanane na viti vya hospitalini. Kigari kilichobuniwa kwa ajili ya watoto wenye ulemavu kinaingia moja kwa moja katika maelezo hayo. Kigari cha kawaida cha dukani, hata mtoto aliyemo awe na ulemavu, hoja yake ndani ya basi ni dhaifu zaidi. Hicho bustani inaweza kukipa lebo, lakini usijenge safari yako yote juu yake.

Kabla ya kuomba: pima, chungulia, piga picha

Chukua futi ya fundi. Pima upana pale palipo papana zaidi, kisha urefu kuanzia ncha ya ubao wa miguu hadi mpini wa kusukumia. Andika namba hizo kwa sentimita na kwa inchi, maana Marekani watakuuliza kwa inchi.

Tangu tarehe 1 Mei 2019 Walt Disney World hairuhusu kigari cha mtoto kinachozidi sentimita 79 kwa upana na 132 kwa urefu, yaani inchi 31 kwa 52. Mikokoteni ya kuvuta imepigwa marufuku kabisa. Kwa upande wa mabasi, kipimo cha msingi cha nafasi ya kiti cha magurudumu ni inchi 30 kwa 48, sawa na sentimita 76 kwa 122, na lifti au rampu hutakiwa kubeba angalau kilo 272, mtoto na kifaa pamoja. Tazama vizuri hapo: kigari cha sentimita 128 kitapita getini bila neno, kisha kikutie mashakani kwenye basi. Kama chako kina ubao wa miguu unaoinuka, kipime pia ukiwa umeinuliwa. Mara nyingi hizo ndizo sentimita zinazoamua.

Sasa piga magoti uchungulie fremu kwa chini. Kigari kilichotengenezwa kwa usafiri wa gari huwa na sehemu nne za kufungia mikanda, mbili mbele na mbili nyuma, na kila moja ina kibandiko kidogo chenye alama ya kulabu. Vigari vinavyofuata kiwango cha Marekani kiitwacho WC19 hujaribiwa kwa mgongano wa mbele wa kilomita 48 kwa saa. Ukiziona alama hizo, zipige picha kwa karibu, maana picha hiyo ndiyo hati yako ya maana kuliko barua yoyote. Usipoziona, muulize aliyekuuzia kama mtengenezaji ana toleo la usafiri au vifungio vya kuongeza. Usikubali mkanda ufungwe kwenye mpini, kwenye ubao wa miguu wala kwenye gurudumu. Vitu hivyo havikutengenezwa kushika uzito wa mtoto gari linapofunga breki ghafla.

Ombi la kwanza: shirika la ndege

Piga simu mara tu baada ya kukata tiketi. Omba waandike kwenye nafasi yako kwamba abiria ana kiti cha magurudumu cha kusukumwa, kinachokunjika, na uwape vipimo vyake na uzito. Omba mambo matatu kwa kuyataja moja moja: mtoto akitumie hadi mlango wa ndege, kisihesabiwe kama mzigo, na mkishuka kirudishwe mlangoni badala ya kwenye mkanda wa mizigo. Haya yote yamo katika kanuni za Marekani kuhusu abiria wenye ulemavu, na tangu mwaka 2009 zinayahusu pia mashirika ya nje kwa safari za kwenda na kutoka Marekani. Kiti cha magurudumu cha kusukumwa kinachokunjika hulazimiki kukitolea taarifa mapema, lakini itoe tu.

Ukifika kaunta, hakikisha kimefungwa lebo ya kupokelewa mlangoni. Vua kila kinachochomoka: mto wa kichwa, kivuli, meza, mifuko ya pembeni. Panda navyo ndani. Kisha piga picha kigari kutoka pande nne mbele ya mfanyakazi anayekipokea. Mimi huacha kadi niliyoilaminisha imening'inia kwenye mpini, ina mchoro wa wenzo mwekundu na mshale unaoonyesha unabonyezwa upande gani. Vigari vingi vinavunjika kwa sababu mtu mwenye haraka anakilazimisha kukunjika upande usio wake.

Kwa safari ya kimataifa kuna jambo wengi hulikosa. Fidia ya kifaa kilichoharibika hufuata ukomo wa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 kuhusu usafiri wa anga wa kimataifa, na kigari maalumu kinaweza kugharimu zaidi ya ukomo huo. Unaweza kutoa tamko la thamani kwenye kaunta kabla hakijapokelewa. Huenda ukatozwa ada, ila ukomo unapanda hadi thamani uliyotaja. Beba risiti ya kununulia.

Mkikwama, ulizia afisa wa kutatua malalamiko ya abiria wenye ulemavu. Kila shirika linalohusika na kanuni hizo linatakiwa kuwa naye, uwanjani au kwa simu, wakati wote linapotoa huduma.

Ombi la pili: kutoka uwanja wa ndege hadi hotelini

Basi la bure la Disney kutoka uwanja wa ndege wa Orlando lilisitishwa mwanzoni mwa mwaka 2022, kwa hiyo sehemu hii unaipanga mwenyewe. Omba kwa maandishi, na ueleze hitaji kwa sentensi isiyo na mwanya: mtoto atasafiri akiwa ameketi kwenye kiti chake, tunahitaji gari lenye rampu au lifti na mikanda minne ya kufungia. Ukiandika tu kwamba una mtoto mwenye mahitaji maalumu, watakuletea gari lenye nafasi kubwa ya mizigo. Kampuni za mabasi ya safari zinaweza kukudai taarifa ya saa 48, basi zipe zaidi.

Hoteli ya nje ya Disney inayotoa basi la bure kwa wageni wake inatakiwa kumpa mgeni mwenye kiti cha magurudumu huduma inayolingana nayo. Uliza kabla ya kulipia chumba, na uhifadhi jibu lao kwenye simu. Na kama mtoto wako anaweza kuhamia kiti cha kawaida, teksi haiwezi kukutoza zaidi kwa kukunja kigari na kukiweka kwenye buti.

Ombi la tatu: lebo ya bustani

Hili ndilo rahisi kuliko yote. Siku ya kwanza nenda ofisi ya huduma kwa wageni katika bustani yoyote kati ya nne: Magic Kingdom, EPCOT, Hollywood Studios au Animal Kingdom. Enda na mtoto akiwa ndani ya kigari. Eleza kwamba kigari hiki ndicho kiti chake cha magurudumu na uombe lebo iitwayo "Stroller as Wheelchair". Hawahitaji barua ya daktari. Wataifunga kwenye mpini, nawe utaruhusiwa kuingia nacho kwenye foleni na majengo ambako vigari vingine huachwa nje.

Lebo hiyo haifupishi foleni. Anayeshindwa kusubiri foleni ndefu kwa sababu ya usonji au hali ya ukuaji inayofanana nayo anaomba mpango tofauti, Disability Access Service, kwa mahojiano ya video. Tangu Mei 2024 mpango huo umebanwa, na shida ya kutembea peke yake haitoshi. Usichanganye maombi haya mawili, utachoka bure.

Kupanda: hapa ndipo lebo inapojaribiwa

Kwenye treni ya reli moja inayounganisha Magic Kingdom, EPCOT na baadhi ya hoteli, mhudumu anaweka rampu na mtoto anaingia akiwa amekaa. Kwenye feri kubwa inayovuka ziwa kuelekea Magic Kingdom unakisukuma kigari ndani tu. Skyliner, magari ya waya yaliyofunguliwa Septemba 2019, huwa hayasimami kituoni, yanajikokota huku watu wakiruka ndani. Usijiunge na mstari huo. Muombe mhudumu mlango wa viti vya magurudumu, ambako gari linatolewa pembeni na kusimamishwa kabisa. Boti ndogo hutegemea kina cha maji siku hiyo, kwa hiyo muulize nahodha kabla ya kupanga foleni.

Basi ndilo lenye shughuli. Sheria ya pale ni kwamba vigari vya watoto hukunjwa, na dereva haoni lebo yako ikiwa imefichwa na begi. Simama kwenye alama ya kiti cha magurudumu kituoni, geuza lebo itazame barabara, na dereva akifungua mlango sema mara moja: "Wheelchair, four tie-downs." Maneno hayo matatu au manne yanamwambia kwamba unahitaji rampu, nafasi na mikanda. Kisha muonyeshe vifungio kwa kidole, kimoja kimoja. Dereva aliyeonyeshwa kulabu inaingia wapi humaliza kwa dakika chache. Aliyeachwa akitafuta atafunga kwenye bomba la kwanza atakaloliona.

Funga breki za kigari kabla ya mikanda, si baada yake. Mikanda minne ikishakazwa, shika fremu uitikise mwenyewe. Kisha hakikisha mtoto amefungwa mkanda wake wa kifuani. Mkanda wa kigari na mikanda ya sakafuni ni vitu viwili. Wa kwanza unamshika mtoto, ya pili inashika kigari.

Akikuambia umtoe mtoto, mjibu kwa utulivu kwamba mtoto hawezi kukaa bila kiti hiki. Kanuni za usafiri zinamruhusu dereva kupendekeza abiria ahamie kiti cha basi, lakini hazimruhusu kumlazimisha, wala kumkatalia safari kwa kuwa kifaa hakifungiki sawasawa. Dereva pia ndiye mwenye wajibu wa kusaidia kufunga. Akishikilia msimamo, omba msimamizi wa kituo, andika namba ya basi na saa, na usubiri linalofuata. Usibishane naye mbele ya mtoto aliyechoka. Karibu kila mara msimamizi hulimaliza.

Basi moja kwa kawaida lina nafasi mbili tu za viti vya magurudumu. Usiku, fataki zinapokwisha, familia zote hutoka kwa pamoja na nafasi hizo hujaa haraka. Ondokeni kabla ya fataki kumalizika, au kaeni ndani mahali penye benchi mpaka umati upungue. Dawa ya usiku na maji ya mtoto viwe kwenye begi unalolibeba wewe, si kwenye kikapu cha chini, kwa sababu kigari kikishafungwa mikanda kikapu hicho hakifikiki hadi mnafika hotelini.