Jinsi ya kuchagua mahali pa kuomba tagi ya mbuzi wa milimani Marekani

Boise, Missoula, Salt Lake City na Spokane zina wazungumzaji wa Kiswahili si haba, na milima iliyo saa chache kutoka miji hiyo ina mbuzi weupe wanaowindwa kihalali kila mwaka. Kwa anayetoka Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, jambo hili husikika kama ujangili. Ukweli ni kwamba ni shughuli ya serikali yenye fomu, ada, bahati nasibu na tarehe ya mwisho, na wengi huikosa kwa sababu waliomba jimbo lisilowafaa, tena kwa miaka mingi.

Watu huuliza mlima gani una mabeberu wakubwa. Swali hilo liache mwisho. Anza na hili: sheria za jimbo lipi zinampa nafasi mtu kama wewe, mwenye ukazi ulio nao na asiye na pointi hata moja (alama anazojiwekea aliyeomba akakosa)?

Tagi, yaani kibali cha kuua mnyama mmoja, ni chache kwa sababu ya mnyama mwenyewe. Jike wa mbuzi wa milimani mara nyingi huzaa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 4 au 5, na kwa kawaida mtoto ni mmoja. Majike wakiuawa kupita kiasi, hata kwa wachache tu, kundi zima huchukua miaka mingi kurudi. Ndiyo maana Idaho, jimbo kubwa lenye milima kila upande, hutoa tagi zisizofika mia moja kwa mwaka. Baadhi ya majimbo hukupa mnyama huyu mara moja tu maishani, kwa hiyo usiombe kitalu (eneo la uwindaji lenye tagi zake) ambacho hutafurahia kukipata.

Ukazi kwanza

Majimbo mengi huwatengea wasio wakazi sehemu ndogo sana ya tagi. Idaho, Montana na Utah zote huzungukia asilimia 10. Bei nayo ina pengo la kutisha: Montana humtoza mkazi dola 125 kwa leseni ya mbuzi, na asiye mkazi dola 1,250. Hata usipopiga hesabu nyingine yoyote, hiyo pekee inakuelekeza kuanza na jimbo unalolala.

Muda wa kuhesabiwa mkazi unatofautiana. Washington ni siku 90, Montana siku 180 mfululizo, Idaho, Utah na Colorado miezi 6, Wyoming na Alaska mwaka mzima. Kuwa na kaka yako Missoula hakukufanyi mkazi wa Montana, wala kupokea barua kwenye anwani yake. Kudanganya ukazi ni kosa la jinai, na majimbo mengi yana makubaliano ya kuheshimiana adhabu: ukifungiwa uwindaji kwa mmoja, mwenzake naye anakufungia. Kwa anayesubiri uraia, huko ni kujipalia makaa.

Uraia wenyewe si sharti la tagi. Mwenye kadi ya kijani na mkimbizi aliyepokelewa rasmi wanaweza kuomba kama mkazi mwingine yeyote wa jimbo. Wenye viza za muda, kama za masomo au kazi, sheria ya shirikisho huwakataza kumiliki bunduki, lakini kuna msamaha kwa mwenye leseni halali ya uwindaji. Kama uko kundi hilo, ongea na mwanasheria wa uhamiaji kabla hujashika bunduki ya mtu yeyote, hata ya kuazima.

Pointi, na kwa nini Idaho ni rafiki wa mgeni

Hapa ndipo wengi hupotea. Montana hukupa pointi kila mwaka unapokosa ukiwa umelipia pointi hiyo, kisha pointi hizo huzidishwa kwa zenyewe. Mwenye pointi 10 jina lake linaingia chunguni karibu mara 100. Wewe uliyefika juzi unaingia mara moja. Washington hufuata hesabu ya namna hiyo hiyo. Utah huwapa nusu ya tagi wenye pointi nyingi kuliko wote, na nusu iliyobaki huchezeshwa, na huko pia kila pointi inaongeza nafasi. Colorado imekuwa ikitaka kwanza ukusanye pointi 3 za awali kabla hata ya kuhesabiwa.

Idaho haina pointi kabisa. Mzee aliyeomba tangu ujana wake na kijana aliyemaliza miezi 6 mwezi uliopita wanaingia sawa kwa sawa. Oregon nayo huchezesha mbuzi bila pointi, ila tagi zake ni chache mno. Wyoming pia haina pointi za mbuzi.

Lakini Idaho ina gharama yake. Ukiomba mbuzi, huwezi kuomba musi (moose) wala kondoo wa milimani mwaka huo, na unafungiwa karibu bahati nasibu zote nyingine za kulungu na elki. Tena unalipa bei yote ya tagi mapema. Ukikosa unarudishiwa, isipokuwa ada ya maombi na leseni uliyonunua ili uruhusiwe kuomba. Ufungaji huo ndio unaopunguza waombaji, kwa hiyo kwa maoni yangu ni faida. Mwenye familia inayotegemea nyama ya elki kwenye friza anaweza kuona vingine.

Ushauri wangu kwa anayeanza: omba jimbo lako kila mwaka, hata kama ni la pointi, kwa sababu pointi ya mkazi ni bei ndogo. Kama una akiba ya kulala benki ya mtu mwingine kwa miezi miwili, ongeza Idaho. Hayo mengine yaache kwa wenye fedha za kuchezea. Dakota Kusini usihangaike nayo, mbuzi wake ni wa wakazi peke yao.

Kuchagua kitalu

Kila idara ya wanyamapori huchapisha jedwali la mwaka uliopita: kitalu, idadi ya tagi, idadi ya waliochagua kitalu hicho kwanza. Usitazame tagi peke yake. Chukua mfano wa vitalu viwili, kimoja kina tagi 5 na waombaji 90, kingine kina tagi 2 na waombaji 20. Macho hukimbilia cha kwanza, ambacho ni mtu mmoja kati ya 18. Cha pili ni mmoja kati ya 10. Soma miaka mitatu au minne, maana kitalu kidogo hubadilika sana watu watano tu wakihamia.

Kisha jiulize kwa nini hakina watu. Pengine mbuzi wamepungua: magharibi mwa Montana makundi mengi ya asili yameshuka, wakati yale yaliyopandikizwa kwenye milima ya Crazy na Absaroka-Beartooth yamestawi. Pengine hakuna barabara. Vitalu vilivyo ndani ya pori la Frank Church, Idaho, vinaweza kukudai farasi au ndege ndogo, na beberu mkubwa hupita kilo 100. Sheria inakutaka utoe nyama yote inayolika, siyo pembe na ngozi tu. Piga simu kwa mtaalamu wa wanyama wa eneo hilo. Namba yake iko kwenye tovuti ya idara, na wengi wao hujibu kwa ukarimu. Muulize mbuzi hukaa upande gani wa mlima Septemba, theluji hufunga njia lini, na je, mnyama akipigwa hapo ataanguka mahali unapoweza kufika.

Swali la mwisho, kitalu kinaruhusu jinsi ipi. Utah ina baadhi ya misimu ya majike pekee, ambayo waombaji wengi huikwepa. Kwingineko unaruhusiwa yeyote lakini unaombwa sana umwache jike. Wote wawili wana pembe, kwa hiyo utahitaji darubini nzuri na subira. Pembe za beberu ni nene kwenye shina na hupinda taratibu kuanzia chini hadi juu. Za jike ni nyembamba, zimenyooka kwa muda mrefu, kisha zinajikunja ghafla karibu na ncha. Mnyama aliye peke yake juu ya jabali mara nyingi ni dume, ila usifyatue kwa kutegemea hilo.

Kujaza maombi

Utahitaji cheti cha mafunzo ya uwindaji. Idaho huwadai waliozaliwa kuanzia 1 Januari 1975, Montana waliozaliwa baada ya 1 Januari 1985, Utah waliozaliwa baada ya 31 Desemba 1965. Anza kozi wakati wa baridi, kwa sababu madarasa ya uwanjani hujaa.

Fungua akaunti kwenye tovuti ya idara ya jimbo. Wataomba namba ya Social Security. Ni takwa la sheria ya shirikisho, usiogope. Andika majina kwa mpangilio ule ule ulio kwenye kitambulisho chako. Ndugu wengi wa Kongo wana majina matatu ambayo maofisa waliyapanga wanavyojua wao, na ukiyapanga upya mwenyewe utakuwa na akaunti mbili na pointi zilizogawanyika. Tarehe ya kuzaliwa vilevile: kama karatasi za ukimbizi zilikuandikia 1 Januari, jaza 1 Januari.

Nunua leseni ya mwaka husika pale inapotakiwa, ingiza namba ya kitalu, hakiki tarakimu moja moja, lipa, hifadhi risiti. Idaho hupokea maombi ya mbuzi 1 hadi 30 Aprili. Colorado hufunga mapema Aprili, Utah mwishoni mwa Aprili, Montana 1 Mei, Oregon 15 Mei. Majimbo kama Utah na Colorado hukata pesa baada ya droo, kwa hiyo kadi ya benki iwe hai na yenye salio siku hiyo. Malipo yakigoma unaweza kupoteza tagi uliyoshinda.

Matokeo ya Idaho hutoka karibu na mwanzo wa Juni. Ukipata, soma tena kanuni za kitalu, maana baada ya kuua una siku 10 za kupeleka pembe kukaguliwa. Ukikosa, bado kuna Alaska. Asiye mkazi huko lazima aongozane na mwindaji bingwa mwenye leseni, au ndugu wa karibu sana aliye mkazi wa Alaska na mwenye umri wa miaka 19 au zaidi, na tagi ni dola 600 juu ya leseni ya dola 160. Aliyekaa Anchorage mwaka mzima hadaiwi tagi hiyo wala mwindaji bingwa. Baadhi ya vitalu vyao hutoa vibali kwa kujiandikisha tu bila bahati nasibu. Vya droo hufunguliwa 1 Novemba na kufungwa 15 Desemba.